Mchujo ulio wazi na kura ya kupanga: je, nusu ya mabadiliko inatosha?

Msomaji mmoja mwenye asili ya Morogoro, ambaye sasa ni raia wa Marekani na mkazi wa Washington, ameniandikia swali ambalo nalinukuu kwa kulifupisha kidogo: "Nilipojiandikisha kupiga kura nilichagua kutokuwa na chama, kwa sababu mambo ya vyama nilikuwa nimeyachoka tangu nyumbani. Juni 2024 nilikwenda kituoni siku ya kura ya mchujo, nikaelezwa kwa upole kwamba mtu asiye na chama hana karatasi ya kupigia. Novemba mwaka huo huo tulipiga kura ya kubadili utaratibu, na upande wangu ukashinda. Sasa nasikia kwamba sehemu moja ya mabadiliko imekubaliwa na nyingine imewekwa kando. Naomba unieleze, mwalimu: mchujo ulio wazi ni nini, kura ya kupanga ni nini, nusu hii tuliyopewa inatosha, na je, mambo haya yangefaa katika uchaguzi wa madiwani kule nyumbani?"

Nakushukuru, dada yangu, kwa swali lililopangwa vizuri kiasi hiki. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba nusu mliyopewa, yaani kura ya kupanga, ina manufaa ya kweli, lakini haitoshi, na kwa maoni yangu nusu iliyowekwa kando, yaani mchujo ulio wazi, ndiyo iliyobeba haki kubwa zaidi. Mambo haya mawili hutajwa kwa pamoja hadi watu wakadhani ni kitu kimoja, ilhali kila moja linatibu ugonjwa wake. Mchujo ni kura ya kuwapata wagombea wa vyama kabla ya uchaguzi wenyewe, na ule ulio wazi unahusu ni nani anayeruhusiwa kuingia pale uamuzi unapofanyika. Kura ya kupanga inahusu namna kura zinavyohesabiwa baada ya walioruhusiwa kuingia kuzipiga.

Inafaa kwanza tuuangalie mji wenyewe, kwa sababu bila kuufahamu mji huu madai yote ya pande mbili huonekana ya ajabu. Washington si jimbo. Ilipata haki ya kujitawala katika mambo yake ya ndani kwa sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1973, na mwaka 1974 wakazi wakachagua meya na Baraza la Jiji. Baraza hilo lina wajumbe 13: wanane wanachaguliwa na kata nane, na watano, akiwemo mwenyekiti, wanachaguliwa na jiji zima. Tangu mwaka 1974 hadi leo kila meya aliyechaguliwa ametoka chama cha Democratic, na takribani robo tatu ya wapigakura walioandikishwa ni wa chama hicho. Kwa hiyo anayeshinda mchujo wa Democratic mwezi Juni huwa amekwisha kushinda kiti, isipokuwa litokee jambo kubwa sana. Uchaguzi wa Novemba, kwa viti vingi, ni kama kufungisha ndoa ambayo mahari yake ilipokewa miezi mitano iliyopita: shughuli ni halali na ina mashahidi, lakini makubaliano yalifanyika siku nyingine.

Sasa tazama ni nani aliyekuwa chumbani siku hiyo nyingine. Mchujo wa Washington umefungwa, maana yake ni kwamba anayepiga kura katika mchujo wa chama ni yule tu aliyejiandikisha kuwa wa chama hicho. Wakati wa kampeni za mwaka 2024 wakazi walioandikishwa bila chama walikuwa zaidi ya 70,000. Hawa wote hulipa kodi, na kodi hiyo ndiyo inayochapisha karatasi za mchujo, inayolipa makarani na inayokodi kumbi. Mchujo si kikao cha ndani cha chama kinachogharimiwa na ada za wanachama. Unaendeshwa na Bodi ya Uchaguzi ya jiji kwa fedha za umma, kwa ratiba ya umma, na matokeo yake yana nguvu ya sheria. Hoja hii ndiyo inayonifanya niwe upande wako bila kusita. Chama kikitaka kuchagua wagombea wake faraghani, kina haki ya kukodi ukumbi wake. Lakini kikiomba umma ugharimie uchaguzi, umma una haki ya kuuliza kwa nini watu makumi ya maelfu wamewekwa nje ya mlango.

Wanaopinga wana hoja ambayo haipaswi kudharauliwa. Wanasema kwamba chama ni muungano wa hiari, na kwamba kulazimisha muungano upokee maamuzi ya watu wasio wanachama ni kuuvunja kutoka ndani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana na hoja ya namna hiyo mwaka 2000, ilipobatilisha utaratibu wa California uliomruhusu kila mpigakura kuchagua mgombea wa chama chochote kwa kila kiti. Hukumu ile haikufuta michujo iliyo wazi kwa jumla, bali iliwafanya watunga sheria wawe makini zaidi na aina wanayoichagua, na aina ziko kadhaa. Katika baadhi ya majimbo mpigakura yeyote huchukua karatasi ya chama kimoja anachokitaka siku hiyo. Mahali pengine ni wale wasio na chama tu wanaoruhusiwa kufanya hivyo, na mwenye chama hubaki kwenye chama chake. California, baada ya kura ya wananchi ya mwaka 2010, na jimbo la Washington lililo pwani ya magharibi waliuondoa kabisa mchujo wa vyama: wagombea wote huwekwa kwenye karatasi moja, na wawili wa juu husonga mbele hata kama ni wa chama kimoja. Alaska iliamua mwaka 2020 kupitisha wanne wa juu, kisha kutumia kura ya kupanga katika uchaguzi wenyewe, na ikaanza mwaka 2022.

Ninyi wa Washington mliomba aina iliyo laini kuliko zote. Pendekezo la 83, lililopita Novemba 2024 kwa karibu asilimia 73 ya kura, liliwafungulia mlango wasio na chama peke yao, wachague mchujo wa chama kimoja na kupiga kura humo. Mwanachama wa Republican asingeweza kuvuka na kwenda kuwachagulia Democratic mgombea dhaifu. Kwa hiyo ile hofu ya kuvamiwa na wapinzani, ambayo ndiyo hutajwa zaidi, haikuhusu pendekezo lenu. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi mabishano juu ya Washington yakiendeshwa kwa mifano ya California na Alaska, mahali ambako utaratibu ni mwingine kabisa.

Mlango uliofungwa hauwasumbui wapigakura tu, unapinda hata mienendo ya wagombea. Sheria ya mwaka 1973 inazuia chama kimoja kuchukua viti vyote vya jiji zima, kwa nia njema ya kulinda sauti ya wachache. Matokeo yake ni kwamba mwanasiasa wa Democratic anayetaka kiti cha jiji zima anaweza kubadili uandikishaji wake, akawa mtu asiye na chama, na kukwepa mchujo. Christina Henderson alifanya hivyo kabla ya uchaguzi wa mwaka 2020 na Kenyan McDuffie akafanya hivyo mwaka 2022, nao hawakuvunja sheria yoyote. Mwaka 2020 kinyang'anyiro hicho cha viti viwili kilivutia wagombea zaidi ya 20, na kiti cha pili kikachukuliwa kwa karibu asilimia 15 ya kura zilizopigwa. Simlaumu mshindi huyo, Henderson, ambaye baadaye amefanya kazi yake kwa bidii na ndiye aliyesimama mbele katika Baraza kuitetea kura ya kupanga. Ninachosema ni kwamba mpangilio unaomruhusu mtu kuwakilisha jiji zima kwa kiasi hicho cha kura hauwezi kutuambia kama wengi walimtaka au hawakumtaka.

Hapo ndipo kura ya kupanga inapoingia. Badala ya kuweka alama kwa jina moja, unawapanga wagombea kwa kadiri unavyowapenda: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na Washington inaruhusu kupanga hadi watano. Chaguo za kwanza zinahesabiwa. Aliyepata zaidi ya nusu ameshinda na kazi imekwisha. Ikiwa hakuna, aliye wa mwisho anaondolewa, na kila karatasi iliyokuwa yake inahamia kwa jina linalofuata kwenye karatasi hiyo. Hesabu inarudiwa hivyo hivyo hadi apatikane mwenye zaidi ya nusu ya kura zilizobaki.

Chukua kata ya kubuni yenye wapigakura 1,000. Asha anapata 360, Baraka 330 na Chiku 310. Kwa utaratibu wa kawaida Asha ni mshindi, ingawa watu 640 walimtaka mwingine. Kwa kura ya kupanga Chiku anatoka. Tuseme kati ya watu wake 310, watu 160 walimweka Baraka wa pili, 70 walimweka Asha, na 80 hawakuandika jina la pili. Baraka sasa ana 490 na Asha ana 430, kwa hiyo Baraka anashinda. Zingatia maneno "zilizobaki" niliyoyatumia hapo juu. Baraka ana zaidi ya nusu ya kura 920 zilizobaki, lakini hana nusu ya watu 1,000 waliofika kituoni. Watetezi wengi huliruka jambo hili, nami siwezi kuliruka, kwa sababu msomaji anayegundua peke yake kwamba alifichwa hesabu ataacha kuamini na mengine yote.

Wewe uliyekulia Tanzania unaifahamu hoja ya nusu kwa njia nyingine. Katiba ya Kenya inamtaka rais apate asilimia 50 jumlisha kura moja, la sivyo wawili wa juu warudi kwa wananchi. Tanzania nayo ilikuwa na sharti la wingi wa zaidi ya nusu kwa rais, na ikaliondoa kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000. Kura ya kupanga ni marudio hayo hayo yanayofanyika bila kuwaita watu tena kituoni: mpigakura amekwisha kusema siku ile ile angemchagua nani iwapo mtu wake wa kwanza angetoka.

Faida yake Washington si ya kufikirika. Katika mchujo wa Democratic wa Kata ya 7 mwaka 2024, baada ya mjumbe wa siku nyingi kuamua kutogombea tena, walijitokeza wagombea kumi na mshindi akapatikana kwa kura zisizofikia robo. Katika kata ile, kwa hali ya kawaida, mshindi wa Juni ndiye mjumbe, hivyo zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura walipewa mwakilishi ambaye hawakumchagua, wala hawakuulizwa swali la pili. Ungekuwa umewapenda wagombea wawili kati ya wale kumi, ungelazimika kukisia ni yupi mwenye nguvu, kisha kumwacha uliyempenda zaidi ili usipoteze kura. Kura ya kupanga inamwondolea mpigakura mzigo huo wa kukisia. Inaondoa pia ile minong'ono ya kumshinikiza mgombea fulani ajitoe kwa kuwa "anagawa kura", minong'ono ambayo mara nyingi huwaangukia vijana, wanawake na wageni katika siasa kabla hawajapata hata nafasi ya kusikilizwa.

Kwa nini basi nasema mambo haya mawili yanahitajiana? Kwa sababu kila moja likiwa peke yake lina udhaifu ambao lingine linauziba. Tazama kilichotokea California mwaka 2012 katika wilaya ya 31 ya Bunge la Marekani. Mlango ulikuwa wazi kwa kila mpigakura, lakini kura zilihesabiwa kwa njia ya zamani ya jina moja. Wagombea wanne wa Democratic wakagawana kura zao, wawili wa Republican wakashika nafasi mbili za juu, na Novemba wananchi wa wilaya hiyo hiyo, waliompa Obama ushindi, wakakuta karatasi ya kiti cha Bunge haina hata mtu mmoja wa upande wao. Kura zingepangwa, za wale wanne zingekusanyika kwa mmoja wao.

Upande wa pili uko New York. Wananchi wa jiji hilo waliikubali kura ya kupanga mwaka 2019 na ikaanza kutumika mwaka 2021, lakini kwa mchujo na chaguzi ndogo tu, na mchujo wenyewe ukabaki umefungwa. Ndani ya chumba hicho imefanya kazi nzuri. Mwaka 2025, katika mchujo wa Democratic wa umeya, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, na mpinzani wake Brad Lander waliwaomba wafuasi wao wampange mwenzake katika nafasi ya pili, jambo ambalo chini ya utaratibu wa zamani lingeonekana ni mtu kujikata mguu, na Mamdani akamaliza na karibu asilimia 56 dhidi ya Andrew Cuomo. Hata hivyo zaidi ya wakazi milioni moja wasio na chama waliyatazama yote hayo kutoka nje, na tume ya kurekebisha katiba ya jiji, iliyokuwa imelifikiria suala la kuufungua mchujo mwaka huo huo, iliamua kutolipeleka kwa wananchi. Hiyo ndiyo njia ambayo Washington nayo imeifuata. Baraza lenu lilipitisha mwaka 2025 fedha za kura ya kupanga ili ianze na mchujo wa Juni 2026, na fedha za kuwafungulia mlango wasio na chama hazikutolewa.

Pengine umejiuliza inawezekanaje Baraza likate nusu ya jambo ambalo wananchi walilipitisha zima. Sababu ni ya kisheria: kwa sheria za Washington, pendekezo la wananchi haliwezi lenyewe kutenga fedha za bajeti. Likihitaji fedha, linasubiri Baraza liziweke, na Baraza lisipoziweka sheria inabaki kwenye karatasi. Uongozi wa chama cha Democratic mjini ulikwishajaribu kulizuia pendekezo mahakamani kabla halijafika kwa wananchi, na Meya Muriel Bowser alilipinga waziwazi. Siwezi kuingia mioyoni mwa wajumbe, lakini naona wazi kwamba kura ya kupanga inabadili ushindani baina ya wagombea, wakati mlango ulio wazi unabadili orodha ya watu ambao kila mjumbe aliyemo madarakani anapaswa kuwabembeleza. La pili ni gumu zaidi kumeza kwa aliyechaguliwa na orodha ya zamani.

Zipo lawama juu ya kura ya kupanga yenyewe ambazo nazichukulia kwa uzito. Ya kwanza ilionekana Burlington, mji mdogo wa Vermont. Mwaka 2009 mgombea wa Republican aliongoza katika hesabu ya kwanza ya umeya, wa Progressive akawa wa pili, wa Democratic wa tatu. Wa tatu alipotoka, kura zake zikampa Bob Kiss wa Progressive ushindi wa kura 4,313 dhidi ya 4,061. Uchambuzi wa karatasi zote baadaye ulionyesha kwamba yule aliyetolewa, Andy Montroll, angewashinda wote wawili kama angepambana na kila mmoja peke yake. Alikuwa chaguo la pili la watu wengi mno na chaguo la kwanza la wachache mno. Mwaka 2010 wananchi wakaufuta utaratibu huo, ingawa hasira juu ya fedha za mradi wa mawasiliano wa mji nazo zilichangia. Mwaka 2021 waliurudisha kwa viti vya baraza, na mwaka 2023 wakauongeza kwa umeya. Kasoro ile ni ya kweli na hakuna utaratibu wa kuhesabu kura usio na kasoro ya aina fulani. Mimi nahesabu kwamba kasoro inayojitokeza kwa nadra inavumilika kuliko ile inayojirudia kila wagombea wanapozidi wawili.

Lawama ya pili ni kura zinazokwisha njiani, kama zile 80 za mfano wangu. Katika mchujo wa Democratic wa umeya wa New York mwaka 2021 Eric Adams alimshinda Kathryn Garcia kwa tofauti ya kura 7,197, ilhali karatasi karibu 140,000 hazikuwa tena na jina la yeyote kati ya hao wawili zilipofika raundi ya mwisho. Baadhi ya wenye karatasi hizo hawakumtaka yeyote kati ya wawili hao, na hiyo ni haki yao. Wengine hawakuelezwa vya kutosha. Hapa inaingia hofu iliyosemwa na viongozi kadhaa wa Washington, kwamba wazee na wakazi wa Kata ya 7 na ya 8, wengi wao Waamerika weusi wenye kipato kidogo, ndio watakaopoteza kura kwa kutoelewa. Siikubali hofu hiyo inapotumiwa kama sababu ya kuuzuia utaratibu, kwa maana watu wa kata hizo ndio waliopewa mshindi wa chini ya robo. Lakini naikubali kabisa kama amri ya kufanya kazi: mafunzo yaende makanisani, kwenye vituo vya wazee na kwenye saluni, yafanywe kwa karatasi za mazoezi zinazoshikwa mkononi, na yaanze miezi kabla ya uchaguzi.

Lawama ya tatu inahusu wahesabuji, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mwaka 2021 Bodi ya Uchaguzi ya New York ilitangaza matokeo ya awali yaliyochanganywa na kura za majaribio zipatazo 135,000, ikalazimika kuyaondoa usiku ule ule. Novemba 2022, katika kiti kimoja cha bodi ya shule ya Oakland, mtu ambaye hakushinda alitangazwa mshindi kwa sababu programu ya kuhesabia haikuwekwa sawa: karatasi ambazo nafasi ya kwanza iliachwa tupu hazikuhamishiwa mara moja kwa jina lililofuata. Kosa liligunduliwa mwishoni mwa Desemba na watu wa nje waliozipitia takwimu, na mshindi wa kweli akapata kiti chake baada ya shauri kufika mahakamani mwaka 2023. Kilichoiokoa Oakland ni kwamba taarifa za kila karatasi, bila majina ya wapigakura, zilikuwa wazi kwa yeyote kuzihesabu upya. Mji unaotaka kura ya kupanga bila kuchapisha taarifa hizo unaomba kuaminiwa bila kukaguliwa, na mimi nisingeupa imani hiyo.

Sasa nije nyumbani. Kule msamiati upo tayari: Kenya wanasema mchujo, Tanzania tumezoea kuita kura za maoni ndani ya vyama. Tofauti kubwa ni kwamba Kenya inamruhusu mgombea huru, yaani aliyekosa haki katika mchujo ana mlango wa pili, wakati Tanzania inamtaka kila mgombea wa udiwani adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka Mkataba wa Afrika. Pale ambapo chama ndicho mlango pekee, na vikao vya juu vya chama vinaweza kumpitisha aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu katika kura za maoni, kubadili namna ya kuhesabu kura za siku ya mwisho kutasaidia kidogo sana. Na mahali ambapo mgombea amepita bila kupingwa, hakuna cha kupanga. Kwa Tanzania, kwa hiyo, ningeanza na mlango: mgombea binafsi, na kura za maoni ambazo matokeo yake yanamfunga kila mtu mwenye mamlaka ya uteuzi.

Kwa Kenya hali ni tofauti kidogo. Wawakilishi wa wadi 1,450 huchaguliwa kwa wingi wa kawaida, na wadi nyingi huwa na wagombea wa vyama pamoja na wagombea huru lukuki, hivyo mtu kushinda kwa sehemu ndogo ya kura si jambo la ajabu. Mfano ninaouona karibu zaidi na hali hiyo ni wa Papua New Guinea, nchi yenye lugha zaidi ya 800, ambako kwa miaka mingi wabunge wengi waliingia kwa chini ya asilimia 20 kwa sababu kila ukoo ulimpigia mtu wake. Tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 2007 mpigakura wa huko huandika majina matatu kwa mpangilio. Hongo na fujo havikuisha, na anayedai hivyo hasemi kweli, lakini mgombea alipata sababu ya kwenda kijiji cha ukoo mwingine kuomba, kwa adabu, awe wa pili wao. Wadi yenye jamii tatu au nne zinazotazamana kwa mashaka ingeweza kufaidika na sababu ya namna hiyo, na kujaribu katika wadi chache ni nafuu kuliko kujaribu kwa nchi nzima.

Mwisho, dada yangu, kuhusu wewe mwenyewe na mchujo ujao. Maadamu mlango bado haujafunguliwa, njia iliyopo ni kubadili uandikishaji wako na kujiunga na chama ambacho mchujo wake una uzito kwenye kata yako, kisha kurudi bila chama baadaye ukipenda. Lifanye mapema, kwa kuwa sheria hairuhusu kubadili chama katika wiki za mwisho kabla ya mchujo. Ukipewa karatasi ya kupanga, mweke wa kwanza yule unayempenda kweli, hata kama majirani wanasema hana nafasi, kwa maana jina la pili halihesabiwi hata kidogo mpaka la kwanza liwe limetolewa. Usirudie jina lile lile mara tano ukidhani unamwongezea nguvu. Litahesabiwa mara moja tu. Na kabla ya kuirudisha karatasi, jiulize ni wagombea gani wawili wanaoelekea kufika raundi ya mwisho, kisha hakikisha kwamba yule unayeweza kuvumiliana naye kati ya hao wawili yumo mahali fulani katika orodha yako, hata kama ni katika nafasi ya tano.